Kodi ya mnunuzi: nani huulizwa kabla kiwango hakijapanda?

Katika mazungumzo yetu ya leo tunaitazama kodi ambayo hulipwa na tajiri na maskini, mzee na mtoto, aliyeajiriwa na asiye na kazi. Hiyo ni kodi ya matumizi, inayotozwa si kwenye mshahara wala kwenye faida ya biashara, bali kwenye kitu kinachonunuliwa. Wakenya wengi huiita ushuru, Watanzania huiita kodi, na wote wamezoea kuitambua kwa herufi tatu: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani.

Hapa Marekani hakuna kodi ya taifa ya namna hiyo. Kila jimbo hujipangia kodi yake ya mauzo, na yapo majimbo, kama vile Delaware lililopakana nasi, yasiyotoza hata senti moja. Lakini iwe ni kodi ya jimbo au ya taifa, hoja huwa ni ile ile: serikali inapotaka kuipandisha, mjadala wa wananchi uanzie wapi?

Nazungumza nawe kutoka Adelphi, kitongoji kilichopo jimbo la Maryland, maili chache tu kutoka mpaka wa jiji la Washington. Wakazi wake wengi ni wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Afrika. Mgeni anayewasili kutoka Mombasa au Mwanza hushangazwa na jambo moja dogo dukani: bei iliyobandikwa kwenye bidhaa siyo bei atakayolipa. Sabuni iliyoandikwa dola 2 humgharimu dola 2 na senti 12, kwa kuwa kodi ya mauzo ya Maryland, asilimia 6, huongezwa pale anapolipa, na huandikwa peke yake kwenye stakabadhi. Akinunua unga, mchele, nyama mbichi au mboga za kwenda kupika nyumbani, hatozwi kitu. Dawa nazo zimesamehewa. Nepi za watoto zilisamehewa kuanzia Julai 2022. Basi mnunuzi huyo, hata kama hajawahi kusoma sheria ya fedha, anajua kila siku ametoa kiasi gani na kwa kitu gani.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Kenya ilianzisha VAT mwaka 1990, Uganda mwaka 1996, na Tanzania Bara mwaka 1998. Leo kiwango cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya, na asilimia 18 nchini Uganda na Tanzania Bara. Viwango hivyo ni takriban mara tatu ya kile cha Maryland, lakini kodi imo ndani ya bei. Ni kweli kwamba stakabadhi za mashine za kielektroniki huitaja. Lakini ni nani apewaye stakabadhi ya mashine katika duka la mtaani anaponunua robo kilo ya sukari na kipande cha sabuni? Mwenye duka hilo mara nyingi hajasajiliwa hata kutoza VAT. Nchini Kenya, kwa mfano, usajili ni lazima kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake yamefikia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo hatozi, lakini yeye mwenyewe alikwisha kuilipa aliponunua kwa jumla, na huiingiza katika bei. Mteja anailipa bila ya kuiona na bila ya kuambiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mara nyingi huwasikia viongozi wa nchi zetu wakilalamika kwamba wananchi wanaolipa kodi ni wachache. Wanachokusudia ni kodi ya mapato. Lakini mama lishe anayenunua sufuria, kijana anayenunua muda wa maongezi wa simu, na mkulima anayepanda basi linalotumia mafuta yaliyotozwa kodi, wote ni walipa kodi. Kuwaambia kwamba hawachangii, kisha kuwapandishia kile wanachochangia, ni kuuanza mjadala kwa kauli isiyo ya kweli.

Hata hivyo, haki inatudai tuisikilize serikali nayo. Waziri wa fedha ana sababu nzito za kuipenda kodi hii. Ni vigumu kuikwepa, kwa sababu hukusanywa hatua kwa hatua, kutoka kiwandani hadi kwa mchuuzi. Humfikia pia yule tajiri ambaye mapato yake hayajulikani, maana naye hununua gari na saruji. Fedha zake huingia kila mwezi, hazingojei mwisho wa mwaka. Na nchi yenye madeni makubwa, ambayo wafanyakazi wake wengi wamo katika sekta isiyo rasmi, haina vyanzo vingi vya kuchagua.

Wapinzani wa kodi hii nao wana hesabu yao. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu wa kwanza ana pato la shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, na hununua bidhaa zinazotozwa VAT zenye thamani ya shilingi 10,000. Kodi yake ni shilingi 1,600, yaani asilimia 8 ya pato lake. Mtu wa pili ana pato la shilingi 400,000, na bidhaa zake za aina hiyo ni za shilingi 100,000, kwani fedha zilizobaki hununulia ardhi au huziweka akiba. Kodi yake ni shilingi 16,000, yaani asilimia 4 tu. Serikali itasema kwamba tajiri amelipa mara kumi zaidi. Mpinzani atasema kwamba maskini ameumia mara mbili zaidi. Wote wawili wamesema kweli, na ndiyo maana mjadala huu hauwezi kuamuliwa na wahasibu peke yao.

Tuangalie basi jinsi ulivyoamuliwa hapa Maryland. Mwishoni mwa Oktoba 2007, Gavana Martin O'Malley aliwaita wabunge wa jimbo mjini Annapolis katika kikao maalumu, kwa sababu bajeti ilikabiliwa na upungufu wa takriban dola bilioni 1.7. Kodi ya mauzo ilikuwa haijaguswa tangu mwaka 1977. Baada ya mabishano ya wiki tatu ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 6, kuanzia tarehe 3 Januari 2008. Wabunge hawakumtwika mnunuzi mzigo wote. Kodi ya faida ya makampuni nayo ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 8.25, ile ya pakiti ya sigara ikapanda kutoka dola 1 hadi dola 2, na ikatengwa wiki moja ya mwezi Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, ambapo nguo na viatu vya bei isiyozidi dola 100 huuzwa bila ya kodi.

Lakini katika kikao hicho hicho wabunge walipitisha pia kodi ya mauzo kwa huduma za kompyuta, ianze Julai 2008. Makampuni ya fani hiyo yalipinga kwa nguvu zote. Yalikuwa na vyama, mawakili na watu wa kuwasemea Annapolis. Ilipofika Aprili 2008 kodi hiyo ilifutwa kabla haijakusanya hata senti, na sehemu ya pengo ikazibwa kwa kuwaongezea kodi ya mapato, kwa muda, watu wenye pato la zaidi ya dola milioni 1. Ile asilimia moja aliyoongezewa mnunuzi wa sabuni haikufutwa. Ipo hadi leo. Ilipita miaka 17 ndipo Maryland, chini ya Gavana Wes Moore na ikikabiliwa na upungufu wa zaidi ya dola bilioni 3, ilipothubutu tena kutoza huduma za data na teknolojia ya habari. Safari hii ilikuwa asilimia 3, kuanzia Julai 1, 2025.

Mnunuzi wa kawaida hana chama wala wakili. Hayo yameonekana Nairobi pia, hadi siku alipoamua kujisemea mwenyewe.

Septemba 2018, VAT ya asilimia 16 ilianza kutozwa kwenye mafuta ya petroli na dizeli nchini Kenya, baada ya kuahirishwa kwa miaka kadhaa. Nauli zilipanda, malalamiko yakazidi, na Rais Uhuru Kenyatta akapendekeza ipunguzwe hadi asilimia 8. Wabunge waliipitisha nusu hiyo tarehe 20 Septemba katika kikao kilichojaa makelele. Miaka mitano baadaye, Julai 2023, chini ya Rais William Ruto, ikarudi kuwa asilimia 16. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliopendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya kila mwaka kwa magari, na tozo ya mazingira ambayo ingezigusa nepi na sodo.

Vijana wa Kenya waliusoma mswada huo kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu zao. Tarehe 18 Juni kamati ya bunge ilitangaza kwamba kodi ya mkate imeondolewa. Maandamano hayakukoma. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakiukataa, na waandamanaji wakaingia katika majengo ya bunge. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia hapo damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na maandamano ya mwaka ule yalisababisha makumi ya vifo. Kwa nini kuondoa kodi ya mkate hakukutosha? Kwa sababu watu hawakuwa wakiuliza tena bei ya mkate peke yake. Walikuwa wakiuliza fedha walizokwisha kutoa zimekwenda wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msikilizaji, upo mfano mwingine unaoonyesha hasara ya kodi isiyoonekana, nao unahusu kodi iliyoondolewa. Kenya iliondoa VAT kwenye sodo mwaka 2004, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Tanzania ilifuata mwaka 2018, ambapo serikali ilisamehe VAT kwa taulo za kike ili wasichana wazipate kwa bei nafuu. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2019, kodi ilirudishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani hazikushuka. Watetezi wa wasichana walilalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Naam, lilikuwa la nani? Mwagizaji angeweza kumlaumu muuzaji wa jumla, naye akamlaumu wa rejareja. Na msichana mwenyewe, aliyesimama mbele ya kaunta, hakuwa na njia ya kujua kama ule msamaha ulikuwa umemfikia au umeishia mfukoni mwa mtu njiani. Hapa Adelphi bidhaa hiyo haitozwi kodi ya mauzo, na mnunuzi akitozwa kwa makosa ataiona kwenye karatasi na kudai haki yake papo hapo.

Simaanishi kwamba Afrika Mashariki iige utaratibu wa Maryland na kuongeza kodi kwenye meza ya malipo. Wanunuzi wengi wangeudhika, na mwenye shilingi mia mkononi anataka kujua mapema kama zinamtosha. Bei kamili iliyo wazi nayo ina heshima yake. Yapo mambo yanayowezekana bila ya kuugeuza utaratibu huo. Serikali inayopendekeza kupandisha kodi inaweza kutangaza, kwa Kiswahili chepesi na kabla ya wabunge kupiga kura, ni shilingi ngapi zitaongezeka kwenye nauli, kwenye sabuni, kwenye lita ya mafuta ya taa. Inaweza kutangaza bei za bidhaa iliyosamehewa kabla na baada ya msamaha, wilaya kwa wilaya, ili anayeficha nafuu ya wengine ajulikane. Na katika hotuba ya bajeti, waziri anaweza kusema waziwazi ni kiasi gani wananchi walichangia kwa kununua tu, kando na kodi ya mishahara.

Mwananchi aliyeambiwa hivyo anaweza bado kukataa. Anaweza pia kukubali, kama watu wa Maryland walivyoishi na asilimia yao 6, wakinung'unika lakini wakiijua. Kenya na jirani zake zitaendelea kuhitaji fedha, na miswada mingine itakuja. Itakapokuja, mama aliyenunua kipande cha sabuni asubuhi ya siku hiyo ana haki ya kuketi katika mjadala kama mlipa kodi, na kusikilizwa kama yalivyosikilizwa makampuni ya kompyuta mjini Annapolis.