Kazi Tuliyorudi Nayo

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kisenge



Mlituomba tueleze kazi tuliyofanya Afrika Kusini mbele ya kurudi. Tuko wawili. Wazazi wetu walikimbia 1977, vita ya Shaba ilipofika huku kwetu. Sisi tukakulia Zambia, kiisha tukasoma na kutumika Johannesburg. Tuliporudi, swali la kwanza lilikuwa hili: "Ni kweli munatumikaka na uranium?" Bibi mmoja akaongeza, bila kucheka: "Basi musikamate mutoto wangu."

Tunamwelewa. Sisi watu wa Katanga tunajua Shinkolobwe. Uranium ya bomu la Hiroshima, 1945, nyingi ilitoka kule. Lakini tangu 1922 mawe ya Shinkolobwe yalikuwa yakitolewa radiamu kule Olen, Ubelgiji, na radiamu hiyo ilitibu kansa. Jiwe letu liliingia lopitali zaidi ya miaka 20 mbele ya kuingia vitani. Hiyo hawatuelezi sana.

Kazi yetu inaitwa fundi wa tiba ya nyuklia. Hatuko waganga. Tunatayarisha dawa, tunachoma sindano, tunapiga picha. Radio ya kawaida inapitisha miali mwilini toka nje. Sisi tunaweka ndani ya damu kitu kidogo kinachotoa miali, na kamera inakaa nje inasoma kilipokusanyika. Kama ni mifupa, mgonjwa anangoja masaa kama 3 hivi, halafu analala chini ya kamera bila kutikisika. Mahali kansa imefikia mfupa, mara nyingi panawaka kupita pengine. Kama ni shingo, dakika 20 zinatosha kuanza. Mwanamke tunamuuliza kila mara kama ana mimba. Kila mara, hata akikasirika.

Dawa yenyewe, teknesiamu, njo kichwa cha maneno yetu leo. Nguvu yake inapungua nusu kila masaa 6. Huwezi kuiweka stoo. Inazaliwa ndani ya molibdeni, nayo inapungua nusu kwa masaa 66 hivi. Molibdeni inatoka kwenye reakta chache tu za dunia. Moja ni SAFARI-1 ya Pelindaba, inayotumika tangu 1965, na kwetu haikuwa mbali. Inaletwa ndani ya kopo lililozungukwa na risasi, dogo lakini zito mpaka mgongo unalia. Kila asubuhi tunapitisha maji ya chumvi, teknesiamu inatoka nayo. Kopo jipya linatoa nyingi. Mwisho wa juma tunapunguza wagonjwa, na juma linalofuata tunangoja kopo lingine.

Juma moja kopo halikufika. Baba mmoja alikuwa amesafiri usiku muzima kwa basi, mukewe amemushika mukono. Tulimwambia arudi Jumatano inayokuja. Hakutukana, alituangalia tu. Mashini ilikuwa pale nyuma yetu, nzima, taa inawaka.

Ndiyo maana mwezi uliopita, rafiki mmoja alipoandika kwamba anaweza kututafutia kamera ya zamani kwa ajili ya Kisenge, tulimshukuru sana na tukamwomba asiitafute. Tunajua wengine humu walihuzunika. Lakini nani ataleta kopo kila juma, barabara ya Kolwezi ikiwa vile inavyokuwa wakati wa mvua? Na umeme? Na kuna sheria ya 2002 juu ya kujikinga na miali: chumba, ruhusa, vipimo vya wanaotumika. Kamera bila dawa ya kila juma ni chuma cha kuanikia nguo. Sisi wenyewe tungeumia kuiangalia, maana ni kazi yetu.

Sasa, kazi hii ilikwisha kufika Kongo zamani, na haikuacha chuma. Katika miaka ya 1960 wachunguzi walikwenda kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, wakapima shingo za watu kwa iodi yenye miali. Kaskazini mwa kisiwa rovu zilikuwa nyingi sana, kusini-magharibi chache. Lakini iodi ilikosekana pote pawili! Uchunguzi ukaendelea mpaka ukafika kwenye chakula: muhogo. Usipolowekwa vizuri unaacha sumu inayozuia shingo kukamata iodi. Dawa ikawa iodi, na leo iko ndani ya chumvi ya soko. Wamama mnaoloweka muhogo siku 3 au 4, endeleeni, musifupishe juu ya haraka ya kusaga.

Kwa hiyo hii ndiyo tunayoomba kwa mfuko wa chama. Watu 3 wameomba makuta ya kwenda Lubumbashi au kuvuka mpaka kwa ajili ya uvimbe wa shingo. Wawili hawajapimwa damu. Tuanze na damu. Damu inaweza kusafiri ndani ya barafu, mgonjwa akabaki nyumbani. Kama jibu linadai kamera, hapo mfuko ulipe nauli, na sisi tutapiga simu kwanza kuuliza kama dawa iko siku hiyo.

Na neno moja la uchungu. Mama mmoja wa chama chetu alitibiwa ng'ambo kwa iodi 131. Aliporudi alitengewa sahani na kikombe mwaka muzima. "Ule alikunywa Shinkolobwe." Ndugu, iodi hiyo inapungua nusu kila siku 8, na nyingi inatoka kwa mukojo siku za kwanza. Kweli, siku ambazo munganga amesema, mgonjwa alale peke yake, asibebe watoto, asikae karibu na mwenye mimba. Siku zile zikiisha, zimeisha. Kiisha siku 80 haibaki hata sehemu 1 ya 1,000.

Wenye makaratasi ya lopitali watukute kule chini ya muembe. Yule mama yuko hapa, mustari wa pili. Bukari tutakayokula sasa hivi, ni yeye alisonga.