Chuo cha Jirani na Fomu ya Maombi

Msikilizaji, kijana aliyemaliza kidato cha sita anapojaza maombi ya chuo, tunadhani anapima alama zake tu. Mimi nasema anapima na umbali, mara nyingi bila kujua. Mwaka 1993 mchumi David Card alitoa utafiti uliotumia taarifa za vijana wa kiume wa Marekani waliofuatiliwa tangu 1966. Waliokulia karibu na chuo walisoma miaka mingi kuliko wenzao wa mbali, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa wazazi wenye elimu ndogo. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Nauli na pango vinaeleza sehemu yake, kwani anayelala kwao amepunguza gharama. Lakini mtoto wa daktari huijua njia ya chuo kikuu hata akikulia kijijini, maana nyumbani kwao husikia habari zake kila siku. Mtoto wa mkulima huijua kwa kuwaona wanaoipita: wanafunzi waliopanga mtaani, au dada wa jirani aliyedahiliwa juzi. Asipowaona hao, kozi nyingi hazimjii hata akilini.

Wapo watakaosema kwamba hapa Tanzania Bodi ya Mikopo humpa mwanafunzi fedha ya chakula na malazi popote aendako. Ni kweli kwa wanaoupata mkopo, ila fedha hiyo huja baada ya udahili, nami nazungumzia uamuzi unaotangulia. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Familia inayomudu vyuo viwili itaanza na vile inavyovifahamu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukaribu nao hufunga. Morogoro kuna Sokoine, chuo cha kilimo, na Mzumbe, kinachojulikana kwa utawala. Mwenye kipaji cha usanifu majengo asiposikia habari za Chuo Kikuu Ardhi, kipaji hicho kitapotea. Nalikubali hilo kabisa, na ndiyo maana, pamoja na kuziunga mkono kampasi mpya za mikoani, kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Lindi na ya Muhimbili kule Kigoma, naona majengo peke yake hayatoshi. Mwalimu mkuu unayenisikiliza kutoka wilaya isiyo na chuo, likizo ijayo mwite mwanafunzi wako wa zamani aliyeko chuoni, azungumze na kidato cha nne kabla hawajajaza selfomu, fomu ya kuchagua tahasusi, maana safari ya kozi ya chuo huanzia hapo.