Athari za Ukame kwa Wakulima na Maji ya Lubumbashi: Dembo Lisijengwe



1. Maana
Ukame tunaujua sote: mvua kuchelewa, kukatika katikati ya msimu au kupungua. Sitakawia hapo.

2. Hali ilivyo
Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi. Katika msimu wa 2023-2024 El Niño ilikausha kusini mwa Afrika, na tarehe 29 Februari 2024 Zambia ikatangaza janga la kitaifa. Unga wetu mwingi hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukame wa shamba la jirani ukafika kwenye sufuria ya bukari (ugali) huku kwenye komini zetu za Katuba na Ruashi.

3. Tatizo la dembo
Hili nimelishughulikia miaka mingi. Dembo ni bonde chepechepe linalokunywa mvua na kuiachia polepole kuelekea vijito. Humo mama wa bustani hulima lengalenga na matembele wakati wa kiangazi, shamba la mahindi likiwa limekauka. Leo dembo linapimwa viwanja, linajazwa kifusi, linajengwa. Huko miinukoni misitu ya miombo inakatwa kwa ajili ya makala (mkaa), na mvua ikianguka kwenye ardhi tupu hukimbia badala ya kuzama. Ifikapo Septemba kisima cha mtaa hutoa tope, na familia hununua maji kwa bidoni. Mvua ikizidi, dembo hilohilo huingiza maji chumbani.

Simlaumu mtu, kila ofisi ina mipaka yake. Ila nimekaa vikao vingi ambamo idara ya ardhi ilisubiri ya mazingira, na ya mazingira ikasubiri komini. Kiwanja hutolewa kwa siku chache, lakini barua ya kukizuia hujibiwa nyumba ikiwa imeshaezekwa.

4. Mapendekezo
(i) Jimbo lichore mipaka ya madembo yote na kusimamisha ugawaji wa viwanja humo.
(ii) Hati ya kiwanja isitolewe bila ukaguzi wa njia za maji.
(iii) Wakulima wa bustani wapewe haki iliyoandikwa ya kulima madembo.
(iv) Wachoma makala wasaidiwe kupanda miti ya kuni, ili miombo ya miinukoni ipumzike.
(v) Mihogo na mtama vilimwe pamoja na mahindi, na kila eneo liwe na ghala.
(vi) Kina cha visima vya mitaa kipimwe kila mwezi kuanzia Mei.
(vii) Idara za ardhi, mazingira na maji ziwe na kikao kimoja chenye uamuzi.
(viii) Narudia: dembo lisijengwe.

Mvua ya Novemba itakuja. Naomba kikao hiki kisifungwe kabla pendekezo la kwanza halijaandikwa kama azimio, pamoja na jina la ofisi itakayolitekeleza na tarehe.