Siku Moja Makaoni

Kujitolea kwa siku moja katika makao ya watoto ni mtu, au kikundi cha watu, kuacha shughuli zao na kwenda kufanya kazi bila malipo katika nyumba wanamolelewa watoto wasioishi na familia zao. Kwa Tanzania siku hizo huja kwa misimu. Ramadhani huleta futari na nguo za Idi, Desemba huleta mchele na mbuzi wa Krismasi. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, vikundi vya akina mama na wafanyakazi wa taasisi mbalimbali hufika wakiwa wamevaa vitenge vya sare, na tarehe 16 Juni huadhimishwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Wapo pia wanaochagua kuadhimisha siku yao ya kuzaliwa huko. Ni desturi njema, inayotokana na sadaka na utu ambao dini na mila za Watanzania zimeufundisha kwa karne nyingi. Lakini siku hiyo ina namna yake ya kufanywa, na namna hiyo ndiyo huamua kama itamfaa mtoto au itamfaa mgeni peke yake.

Makao ya watoto ni taasisi ya kisheria. Kwa Tanzania Bara yanasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake za mwaka 2012, na hayaruhusiwi kuendeshwa bila leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, na Kenya inatumia sheria mpya ya mwaka 2022. Mtoto hafikishwi makaoni kwa huruma ya mwenye nyumba tu. Hupelekwa kwa amri ya mahakama au kwa maelekezo ya afisa ustawi wa jamii, baada ya kuonekana kwamba ndugu hawapo au hawawezi. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa anayetaka kujitolea ni kupita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na kuuliza kama nyumba anayoikusudia ina leseni. Nyumba isiyo na leseni haikaguliwi, na msaada unaopelekwa huko husaidia kuificha isikaguliwe.

Wengi huwaita watoto hao mayatima. Kwa sehemu kubwa si hivyo. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya kila watano wanaolelewa katika taasisi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wapo waliofiwa na mama wakati wa kujifungua, wakabaki na baba asiyeweza kulea kichanga. Wapo waliookotwa, walioondolewa kwenye nyumba za ukatili, ambao mzazi wao yuko gerezani au anaumwa ugonjwa wa akili, na wapo ambao kosa la wazazi wao ni ufukara tu. Ndiyo maana swali linaloulizwa kwa upole kabisa, “Wazazi wako wako wapi?”, huweza kumharibia mtoto siku nzima. Mgeni hapaswi kumuuliza mtoto habari za kwao, wala dawa anazomeza.

Kazi yenyewe ni ya nyumbani, na ni nyingi kuliko wageni wanavyodhani. Mama mlezi mmoja huweza kuwa na watoto kumi au zaidi chini ya mikono yake. Alfajiri huwaamsha, huwaogesha wadogo, hutafuta soksi zilizopotea, hugawa uji, hugawa dawa kwa wanaotumia, kisha huwatoa kwenda shule. Wakishaondoka hubaki na wachanga na lundo la mashuka. Jioni kazi za shule zinamsubiri, na usiku yule mwenye homa hamwachi alale. Kinachomchosha ni kwamba kesho ni vilevile.

Hapo ndipo siku ya kujitolea ina thamani kubwa. Kikundi kikichukua ufuaji wote wa siku moja, kikapiga deki mabweni, kikaanika magodoro juani, kikapika na kuosha masufuria, mama mlezi hupata saa za kukaa na mtoto mmoja mmoja, jambo ambalo siku nyingine haliwezekani. Mtoto hapati upendo wa mgeni. Anapata muda wa mtu wake. Kazi za ufundi nazo hukaa muda mrefu baada ya wageni kuondoka. Fundi bomba anayeziba tangi linalovuja, seremala anayekaza kitanda cha dabo deka kilicholegea, fundi cherehani anayeshona sare zilizochanika, wote hao huacha kitu. Mhasibu anaweza kuketi ofisini na kupanga vitabu vya hesabu, kwa kuwa nyumba nyingi hukosa wafadhili kwa sababu hesabu zao hazisomeki. Kazi hiyo haina picha ya kupendeza, na pengine ndiyo inayohitajika kuliko zote.

Kuhusu watoto wachanga, elimu iliyopo ni ya muda mrefu na inaeleweka. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani akieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayeshika nafasi ya mama. Nusu karne baadaye, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya mjini Bucharest, Romania, ambako walezi walibadilishana kwa zamu. Baadhi ya watoto walihamishiwa kwa familia za malezi, wengine wakaendelea na malezi ya taasisi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Maana yake makaoni ni hii: mtoto wa miaka miwili anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumkumbatia shingoni anaonyesha pengo alilonalo, ingawa wageni hulifurahia kama ukarimu. Kila anayembeba kwa saa moja na kuondoka humwongezea mtu mwingine wa kumkosa. Basi mgeni wa siku moja asiwabebe wachanga, asiwalishe, asiwaogeshe, na asiahidi kurudi kama hana uhakika. Wakubwa ni tofauti kidogo. Mpira uwanjani, hesabu za darasa la sita, kusuka nywele, mambo haya hufanywa kwa pamoja na kuisha jioni bila jeraha.

Picha zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na ya Kenya ya mwaka 2019 hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mtoto aliyepigwa picha akipokea kilo mbili za sukari atakuja kuwa kijana wa sekondari, na picha bado itakuwa mtandaoni. Zawadi zenyewe hufaa zikiulizwa kwanza. Keki, soda na biskuti hufika kwa wingi Desemba. Taulo za kike, maharage, sabuni, dawa ya minyoo, nauli za shule na fedha za mishahara ya walezi husahaulika. Nguo zilizotoboka hazipelekwi.

Katika miji ya watalii kama Arusha, Moshi na Mombasa, kujitolea kumekuwa pia biashara. Kijana kutoka Ulaya au Marekani hulipa wakala, na akifika hukabidhiwa watoto ambao katika nchi yake asingeruhusiwa kuwakaribia bila kuchunguzwa. Pale ambapo wageni huleta fedha, hutokea nyumba zenye sababu ya kutafuta watoto wa kuzijaza. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara ya kujitolea kwa namna hiyo. Kenya ilikuwa imekwisha kusimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mpango wake wa miaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Hatua hizo ni sahihi. Tanzania nayo ina utaratibu wa kuasili, wa malezi ya kambo na wa familia za kuaminika, ambazo hupokea mtoto kwa muda shauri lake likishughulikiwa.

Mwenye moyo wa kusaidia zaidi ya siku moja, basi, ana njia mbili. Anaweza kuchagua nyumba moja na kwenda kila mwezi kwa kazi ileile, kwa makubaliano na wasimamizi. Au anaweza kuelekeza nguvu zake kwa bibi anayelea wajukuu mtaani kwake, ili wasifike makaoni kabisa.

Jambo la mwisho ni la usalama. Anayejitolea akiona mtoto ana alama za kipigo, anafungiwa au ananyimwa chakula, hana haja ya kumhoji mtoto wala kugombana na msimamizi. Namba ya simu ya kutoa taarifa ni 116, Tanzania na Kenya, na haina malipo.