Mtoto Asomaye Polepole: Disleksia katika Kiswahili



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Kwenye kongamano moja, msomi ninayemheshimu alisimama akasema disleksia, ule ugumu wa kusoma, ni maradhi ya Kiingereza. Kiswahili, alisema, husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, kazi imekwisha, na anayeshindwa ni mvivu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ni nusu hiyo inayowaumiza watoto. Tahajia yetu ni nyoofu, sawa. Hata ya Kiitaliano ni nyoofu. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha wasomaji wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walikosea kidogo kuliko wenzao, lakini ubongo wa wote, upande wa kushoto, ulionyesha upungufu uleule wakati wa kusoma. Kabla yao, Heinz Wimmer alikwisha kuwaona watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani kwa usahihi, ila polepole mno. Tahajia nyoofu, basi, haiiondoi disleksia; inaificha. Mwalimu anayehesabu makosa hataiona. Apime mwendo. Na anayedhani kuandika Kiswahili ni mteremko, awasome Alcock na Ngorosho, 2003, waliochambua makosa ya watoto wetu wenyewe.

Mpwa wangu wa darasa la tatu aliwahi kunisomea sentensi fupi, silabi kwa silabi, nyu-mba-ni, bila kukosea hata herufi. Alipofika kwenye nukta nikamwuliza imesema nini. Akanitazama tu, mwanzo wa sentensi ulikuwa umemponyoka zamani. Daftarini mwake nyumba ilikuwa “nyuba” na ng’ombe “gobe”, na chini yake, kwa wino mwekundu: aongeze bidii.

Historia ndefu ya somo hili naipita. Ila kwa W. Pringle Morgan nitatua, mniwie radhi. Daktari huyu wa Seaford, Uingereza, aliandika mwaka 1896 katika British Medical Journal habari za Percy, kijana wa miaka 14. Percy aliandika jina lake “Precy”, na hakuliona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Kijana huyohuyo alizidisha 749 kwa 867 upesi na kwa usahihi. Jaribuni hapo mlipo. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewapita wote shuleni. Ripoti ni fupi mno, na kila nikiirudia humkuta baba mtu ndani yake: ndiye aliyemweleza daktari jinsi walivyohangaika kumfundisha mtoto herufi, hata wakakata tamaa. Pale nyumbani tatizo lilijulikana mapema.

Nanyi wazazi mnaona kabla yetu. Anayewaambia msubiri, mtoto atakua na hali hiyo itaisha, msimsikilize. Someni naye kwa sauti, wewe sentensi, yeye sentensi, asiachwe peke yake na ukurasa mzima. Akikwama, mpe neno, msonge mbele. Fimbo haiharakishi silabi. Na mzazi asiyejua kusoma asijitoe: mwulize mtoto habari ya somo kwa mdomo, usikie anachojua.

Kisha chezeni kinyume. Ndiyo, mchezo uleule wa kugeuza silabi, nyumba ikawa mbanyu, kitu ikawa tuki. Wenzangu wa idara wananicheka. Wanasema kucheza na sauti si kusoma, na kwamba mtoto hodari wa kinyume anaweza bado kukwama kitabuni. Wana haki. Kinyume hakigusi herufi, na hakimpi mtoto mwendo. Nimeipima hoja yao na bado siiachi imani yangu: anayeshindwa kuitenga nyu na mba kwa sikio atazitengaje kwa jicho? Tena hakihitaji kitabu, ada wala mtaalamu. Leo usiku mwambieni mtoto ageuze jina lake, kisha la bibi yake, na mkisikia anasitasita kila mara, mwambieni mwalimu wake wiki hii hii.