Goti Linapobeba Mzigo
Msikilizaji, mtazame mama anayeshuka daladala: ameshika mlango, anatanguliza mguu unaouma, ameukaza, kisha anafuatisha ule mzima. Goti limesagika.

Kwa nini jambo hili lituguse? Kwa kila hatua, goti hubeba mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Gegedu, ile tishu inayokinga ncha za mifupa gotini, ikilika, hatua hufupika, na mara nyingi mzigo huelemea upande wa ndani.

Wapo wanaoshauri kupumzika. Na kweli, goti lililovimba lahitaji nafuu. Kwa upande mwingine, kukaa tu hudhoofisha misuli ya paja inayolishikilia. Uzito nao una sehemu yake: kwa mtu mnene, kupunguza kilo 1 huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kila hatua.

Swali linabaki: ngazi za vituo vyetu zinamfikiria mama huyu?