Mrefu Hafungi Peke Yake
(Mazungumzo na wanamichezo na wazazi wa Tukuyu)



Leo napenda tuzungumze juu ya mpira wa kikapu. Kila timu ina mtu wake mrefu. Kazi yake ni kucheza karibu na kikapu na kufunga. Asipofunga, watu humcheka: "Mrefu bure, kama mgomba usiozaa!" Katika timu yetu kijana mmoja aliacha kucheza kwa maneno kama hayo. Je, kosa lilikuwa lake? Mimi nasema lilikuwa letu, sisi tuliompa mpira vibaya.

Urefu peke yake hautoshi. Wengi mmesikia habari za Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kimo chake ni sentimita 221. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilimchukua, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi yao kubwa, NBA. Hata hivyo, mwaka 2010 alipelekwa kwa muda kucheza katika ligi ndogo. Ikiwa hata yeye kimo hakikumtosha, sembuse vijana wetu?

Basi tufanye nini?

Kwanza, mrefu mwenyewe. Asisimame chini kabisa ya kikapu, maana hapo hawezi kurusha vizuri. Tena sheria inasema, timu yake ikiwa na mpira, asikae zaidi ya sekunde 3 ndani ya eneo lililochorwa mbele ya kikapu. Asimame ubavuni, nje kidogo ya mstari wa eneo hilo. Apanue miguu, akunje magoti, amweke mlinzi mgongoni. Kisha anyoshe mkono ulio mbali na mlinzi. Mkono huo unasema, "Nileteeni hapa!"

Pili, mwenye mpira. Wengi husimama katikati ya uwanja na kuutupa tu. Mlinzi hupenyeza mkono, akaunyakua. Nenda kwanza upande ule aliko mrefu. Ukiona kifua chake, mpe. Ukiona mgongo wa mlinzi, ngoja. Pasi ya kudunda ni nzuri, kwa sababu hupita chini ya mikono ya mlinzi. Lakini sisi wa Rungwe tunaijua mvua yetu. Uwanja wa udongo ukilowa, mpira haudundi. Siku hiyo mpe kwa juu, upande ule alionyosha mkono.

Tatu, wenzao wengine. Msimfuate mrefu! Mkimfuata mnamletea walinzi wenu. Tawanyikeni. Walinzi wawili wakimvamia, lazima mmoja wenu abaki huru. Mrefu amrudishie huyo mpira. Wakimwacha na mlinzi mmoja, ageuke afunge. Asiushushe mpira kiunoni, maana wafupi watamnyang'anya. Aushike juu, karibu na kidevu.

Akina mama, ninyi mnalijua jambo hili katika mpira wa pete. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kati ya wachezaji 7. Wale 5 hawafungi hata bao moja. Je, hawana kazi? Kazi yao ni kuufikisha mpira, na bila wao hakuna bao.

Sasa nawapa kazi ya nyumbani. Kila mazoezi, watu watatu wakae pamoja: mrefu, mpaji na mlinzi. Wafanye pasi 20 upande wa kulia na 20 upande wa kushoto. Siku ya mchezo, mtu mmoja ashike daftari. Aandike mara ngapi mrefu alipewa mpira mahali pazuri, na mara ngapi alifunga. Kusoma na kuandika tunajua. Elimu hiyo tuitumie hata uwanjani. Daftari likionyesha kuwa alipewa mpira mzuri mara 2 tu mchezo mzima, nani wa kulaumiwa?

Yule kijana wetu nimemwendea mara mbili, akakataa kurudi. Nitakwenda tena, lakini safari hii nataka twende timu nzima, tumwambie, "Tulikukosea. Njoo, tumejifunza kukupa mpira."

Kidole kimoja hakivunji chawa.